Kikombe cha Mahindi na Kaye ya Masengo

Siku ile ya kuniaga, ninyi madada mlioachiwa madarasa yetu mlinipa kitenge, mkanikatia keki, kisha mkaniomba niwaachie "neno moja zuri". Nikakataa. Mlidhani ni machozi yamenibana. Hapana. Maneno mazuri niliandika mengi mno katika kazi hii, na hayo ndiyo yaliyoniharibia. Badala yake nitawajibu swali ambalo kila mmoja wenu aliniuliza mwaka wake wa kwanza, nami nikamkwepa kwa kumtuma akaoshe brashi za rangi: kile kikombe cha bati chenye mahindi makavu mezani kwangu, kazi yake ni nini.

Nitaanza mwanzo kabisa. Mzee akianzia katikati, jueni anataka kujitetea.

Nilifika kwenye shule ile ya wadogo, gardienne kama tunavyosema Likasi, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Ilikuwa Shituru, katikati ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, zile za matofali zinazofanana hata mlevi anaingia ya jirani na kudai chakula. Viatu vyangu vya siku ya kwanza vilikuwa vya dada yangu. Watoto walikuwa arobaini na mmoja; thelathini walikuwa wanalia, na waliobaki walikuwa wanatafuta sababu. Kabla ya saa tatu mmoja alikuwa amekojolea kiatu cha kushoto. Dada yangu sikumwambia, na nadhani mpaka leo hajui.

Mkubwa wa shule aliitwa Mama Philomène. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyesomea kwa wamisheni wa Mulungwishi na kuvaa saa ya kiume mkononi. Jioni ile hakuniuliza kama nimechoka. Alinipa bik mbili, yaani kalamu za wino, moja ya buluu na moja ya akiba, na rundo la kaye arobaini na moja. Kila mtoto alikuwa na kaye yake, daftari dogo la miraba, ambamo mwalimu aliandika alichomwona akifanya. Ijumaa kaye ilienda nyumbani, wazazi wakaisoma na kutia sahihi. Jumatatu ilirudi, mara nyingine na sahihi, mara nyingine na mafuta ya mawese.

Katika wiki yangu ya kwanza niliandika hivi kuhusu mtoto mmoja aliyeitwa Kabamba: "Kabamba ni mkorofi. Anapenda ugomvi." Niliona nimefanya kazi. Mama Philomène akaniita na kalamu yake nyekundu mkononi.

"Agnès," akasema, "nionyeshe ukorofi yenyewe. Iko mu mukono? Iko mu muguu?"

Nikamwambia Kabamba anapiga wenzake.

"Alipiga nani? Saa ngapi? Mbele ya kupiga, nini ilipita?"

Akapigia mstari neno "mkorofi" na neno "anapenda", akanirudishia kaye. "Andika kile macho iliona," akasema. "Kile roho ilisema, kaa nacho kwako."

Nikaenda zangu nimenuna. Lakini wiki iliyofuata nilikaa pembeni na saa yangu, nikaandika kama karani. Kabamba alipiga mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa saa nane kamili, king'ora cha kiwanda kilipolia. Mara zote tatu aliyepigwa alikuwa amesimama kati yake na mlango. Ndipo nikaelewa, bila mtu kuniambia, kwamba king'ora kile ndicho kilichowatoa wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, na Kabamba alitaka kumwona baba yake akipita barabarani. Nikamhamishia karibu na mlango. Ugomvi ukaisha siku hiyo hiyo, nami nikaanza kumwogopa Mama Philomène kwa heshima.

Sasa niwaambie ubaya wangu. Mimi nilikuwa najua kuandika. Wenzangu waliandika Kifaransa cha shuleni ambacho mama wengi walikisoma kwa kidole na kuchoka mstari wa pili. Mimi niliandika Kiswahili, ili kila mtu kwenye lupango lao, uani kwao, aelewe, na niliandika kwa madaha. Nikiandika kwamba mtoto ana roho ya chui, baba yake alitembea wiki nzima kifua mbele. Mama mmoja aliniambia mbele ya wenzangu, "Madame Agnès anajua mutoto wangu kuliko miye." Nilicheka, nikasema hapana, mama, usiseme hivyo. Jioni nilirudia maneno yale peke yangu nikiwa nasonga bukari, ugali wetu, na yalikuwa matamu kuliko kitoweo.

Hayo yalikuja baadaye; kwa miaka yote ambayo Mama Philomène alikuwepo niliandika kwa adabu, kavu, saa na tendo. Alipostaafu akarudi upande wa Mulungwishi kulima, nikaachiwa mimi darasa la wakubwa na usimamizi wa kaye za shule nzima. Kalamu nyekundu ikawa yangu. Sikuitumia hata mara moja juu ya kurasa zangu mwenyewe. Ndipo madaha yangu yakaanza, na wazazi walifurahi.

Masengo aliletwa mwaka wa pili baada ya hapo. Alikuwa na miaka minne na nusu, mtoto wa kike mwenye alama nyeusi chini ya sikio la kushoto, kubwa kama punje ya dengu. Baba yake alifanya kazi kwenye reli. Mama yake, Mama Masengo, alikuwa mnyamavu, tena mjamzito wa miezi minne. Katika nyumba ile aliishi pia dada wa baba, tantine yake Masengo, ambaye hakuwa mnyamavu hata kidogo.

Masengo alikuwa mtoto mzuri darasani, ila kuna kitu kilinikera. Unamwita, hajibu. Unamwuliza, anatazama ukuta. Baadaye kidogo anaendelea na alichokuwa akifanya, kana kwamba wewe hukuwepo. Mwalimu kijana humhurumia mtoto wa namna hiyo. Mwalimu anayesifiwa mji mzima humwona ana dharau.

Ijumaa moja nilikuwa namgombeza. Alikuwa amemwaga rangi, jambo dogo, lakini nilikuwa na kaye thelathini na tisa za kumaliza kabla ya watoto kutoka na kichwa kilikuwa kinanigonga. Katikati ya maneno yangu, Masengo akanikazia macho. Hakupepesa. Mdomo wake ulikuwa unatembea kidogo kidogo. Nilisema na kusema, naye alinitazama tu, na nikasikia mwili umenisisimka. Nikaacha kumgombeza. Nikakaa chini, nikavuta kaye yake, nikaandika:

"Masengo ana macho ya ajabu. Akikutazama, unaogopa. Kuna kitu ndani yake ambacho si cha mtoto."

Sentensi ile ya mwisho niliipenda. Lazima niwaambie hilo, hata kama ni aibu. Nilimsomea mwenzangu wa darasa la wadogo kabla ya kufunga, naye akasema, "Ee, Agnès, weye unajuaka kuandika." Kisha kaye ikaingia kwenye mfuko wa mtoto, na mtoto akaenda nyumbani.

Mwezi ule Mama Masengo alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto aliishi siku tisa, akapata homa, akafa. Nilikwenda kwenye matanga kama watu wengine, nikakaa mkekani, nikaimba. Nilimwona tantine akiwaambia wanawake kwamba kifo hakiji bure. Sikutia maanani, kila matanga ya kwetu huwa na mtu mmoja wa kusema hivyo.

Jumatatu iliyofuata Masengo hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Alhamisi asubuhi, watoto wakiwa wanaimba, Mama Masengo akasimama mlangoni pangu na kaye mkononi. Hakuniamkia. Aliifungua kwenye ukurasa ule, akaiweka mezani.

"Madame, ni weye njo uliandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Soma."

Nikasoma kwa sauti ndogo. Nilipofika mwisho akasema, "Pasta naye alisoma vile vile. Mbele ya bantu bote. Tantine yake alipeleka kaye kule kwa maombi. Pasta akasema, munaona, hata Madame wa masomo aliona bulozi mu macho ya huyu mutoto."

Bulozi ni uchawi. Katika mji wetu neno hilo likimpata mtoto, halimtoki kwa sabuni.

"Mama, sikutaka kusema hivyo," nikamwambia.

"Ulitaka kusema nini?"

Nilitafuta nilichotaka kusema na sikukiona. Nilikuwa nimechoka na kichwa kilikuwa kinauma. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kweli siku ile, na sikuliandika.

Akaniambia yaliyotokea. Masengo alifungiwa siku tatu kwenye chumba cha maombi, akipewa maji tu jioni. Walimnyoa nywele. Kila alipofumbua macho, watu wazima waliomzunguka walimwambia afumbe. Siku ya nne baba yake alikataa kumrudisha nyumbani, akasema amezika mmoja, hatazika mwingine. Nkambo wa Masengo, yaani bibi yake mzaa mama, alikuja kutoka Kambove akamchukua.

"Miye sijue kuandika kama weye," Mama Masengo akasema. "Lakini mutoto wangu sikuaka namuogopa. Kiisha nilisoma hii, nikaanza kumuogopa." Akaiacha kaye pale mezani, akatoka. Watoto walikuwa bado wanaimba.

Mchana huo huo nilikwenda kumwona yule pasta. Nilimwambia nimekosea, nilimwomba asimame mbele ya watu wake aseme Madame amefuta maneno yake. Alikuwa mtu mpole, ndilo lililoniuma. Alinipa kiti na akanisikiliza mpaka mwisho.

"Madame," akasema, "miye nilisoma tu. Sikuongeza hata neno moja."

Nikatoka pale nikaenda zahanati, kwa Papa Donatien, muuguzi ambaye watoto wake wawili walipita mikononi mwangu. Sikwenda kutafuta dawa. Nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia si kosa langu. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku anapanga chupa zake, kisha mkono wake ukasimama.

"Anatazama kwa ukuta, unamwita, hasikie, kiisha anarudia kazi yake?"

"Ndiyo."

Akachukua kalamu na karatasi. "Inakawia wakati gani? Kuhesabu mpaka tano? Mpaka makumi mbili?"

Sikujua.

"Mara ngapi ku siku? Mikono inafanya nini? Anaanguka? Kintu iko mu mukono inaanguka?"

Sikujua, sikujua, sikujua. Nikasema, "Anatazama kwa namna ya ajabu, Papa."

Akaweka kalamu chini. "Ajabu haina dawa, Madame. Kuko ugonjwa moja, kama kifafa ya kimya. Mutoto haanguke, anazimika tu kidogo, kiisha anawaka tena. Iko na dawa yake. Lakini muganga mukubwa wa opitali atauliza ile miye niko nakuuliza. Uniletee muntu mwenye alimuona."

"Mimi nilimwona."

"Hapana," akasema, bila ukali. "Uniletee mwenye alimuona."

Nimewahi kutukanwa katika kazi hii, na mzazi mmoja aliwahi kunitishia kwa fimbo. Hakuna aliyewahi kunipiga kama yule baba mpole na chupa zake. Miezi mitano mtoto alikuwa mbele yangu kila siku ya kazi, na nilikuwa na saa mkononi.

Jumamosi nilipanda gari la Kambove. Nyumba ya nkambo ilikuwa nje kidogo ya mji, karibu na mashimo ambayo vijana wachimbaji wa mkono hushuka kutafuta mawe. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya karai, anapukuchua mahindi. Masengo alikuwa amekaa chini, mita tatu kutoka kwake, kichwa kimenyolewa. Nilimwita jina. Hakuinua kichwa. Nilimwambia, "Ni Madame." Akateremsha uso zaidi, kidevu kikagusa kifua, akafunika macho kwa viganja viwili.

Nkambo hakuniomba nikae. "Banamwambia macho yake ni mubaya," akasema. "Sasa anayafichaka. Hata kuku anaogopa kumutazama, eti atakufa."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka. Nikapiga magoti kwenye mavumbi yale, nikamwambia mimi ndiye niliyeandika, kwamba niliandika uongo, na kwamba nilikuwa sijui ni uongo wakati naandika. Aliendelea kupukuchua. Nikamweleza alivyosema Papa Donatien, ugonjwa, dawa, maswali. Nikasema, nkambo, tatizo ni kwamba mimi siwezi kujibu, sikuangalia.

"Ule Papa iko nauliza nini?" akasema.

Nikamtajia maswali, moja moja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo niliposomea kazi hii upya. Bibi yule hakuwa amekanyaga darasa hata siku moja. Alinijibu mikono yake ikiwa kazini, hata hakupunguza mwendo.

"Kijiko haiangukake, anaishikilia tu. Mudomo iko natafuna, na kintu haiko mu kinywa. Mukono ya kuume inasuguasugua nguo, hapa. Miye niko napukuchua mahindi. Akizimika, naanza kutoa punje moja moja. Nikifika kumi na mbili, njo anarudia. Siku moja ilifika kumi na ine. Asubui mara tatu, muchana mara mbili." Akachukua gunzi jingine. "Usiku sijue. Usiku minalala."

Nilitoa bik kwenye mkoba nikaandika yote nyuma ya tiketi ya gari, kwa herufi ndogo. Hata lile la usiku niliandika. Ni mimi niliyesomea kuangalia watoto, ni mimi niliyeapishwa na kalamu nyekundu ya Mama Philomène, na yule bibi wa mashambani ndiye aliyejua kusema "sijui" mahali ambapo hakuona.

Nilipoinua kichwa, Masengo alikuwa ameacha kufunika uso. Mkono wa kulia ulikuwa unasugua nguo. Nkambo akaingiza mkono kwenye karai, akaanza kuziweka punje pembeni, moja, moja, moja, nami nikahesabu naye. Tulipofika kumi na mbili mtoto akapepesa, akatazama chini, akaendelea kuchora mstari mavumbini kwa kijiti, palepale alipokuwa ameuachia.

Jumatatu tulikuwa zahanati sote watatu. Papa Donatien alimhoji nkambo, mimi sikuulizwa kitu. Aliandika ukurasa mzima, akatutuma hospitali na karatasi ile mkononi, na daktari alipoisoma alisema laiti kila mtu angemletea maelezo ya namna hii. Masengo akapewa vidonge. Baada ya majuma kadhaa nkambo alituma habari kwamba punje zimepungua, siku nyingine hazitoki kabisa.

Ningependa niishie hapo. Mwalimu wenu angekuwa amekosea na kurekebisha, na mngenikatia keki nyingine. Lakini nilikuwa nimeapa kuandika nilichoona. Baba yake hakumrudisha nyumbani, dawa au hapana dawa. Aliniambia kifafa pia kinatoka mahali. Mama yake alikwenda kumwona Kambove siku za mapumziko, kwa kujificha mwanzoni. Nilimwomba nkambo anirudishie mtoto darasani, nikasema nitamchukua na kumrudisha mwenyewe. Akanijibu, "Kusoma itamupata kwingine, Madame." Na katika ziara zote nilizofanya kule, nne kwa hesabu yangu, Masengo hakuniangalia usoni hata mara moja. Vidonge viliondoa kuzimika. Kile nilichokiweka mimi hakikuwa na kidonge.

Nilifunga safari mpaka kwa Mama Philomène upande wa Mulungwishi kumwambia. Nilimkuta ameinamia mihogo. Hakunigombeza. Alifuta mikono kwa kitenge chake, akauliza, "Na kalamu nyekundu, nilikuachia juu ya nini?" Tukala, tukasema habari za mvua, nikarudi. Alifariki kabla sijapata la kumjibu.

Tangu hapo kikombe kikawa mezani. Mahindi ya kwanza nilipewa na nkambo, na yalipoliwa na fukusi nikatia mengine. Mlipokuja, kila mmoja wenu kwa wakati wake, niliwakalisha pembeni na punje na kaye, nikawaambia: mtoto akinyamaza, hesabu, akilia, hesabu, na ukitaka kuandika ana dharau, kwanza niambie dharau ina urefu wa punje ngapi. Mlinicheka nyuma ya mlango. Nilisikia, masikio yalikuwa bado mazima. Na niliweka sharti kwamba hakuna kaye inayotoka Ijumaa bila mwalimu wa pili kuisoma, hata yangu, hasa yangu. Mlilalamika kwamba ni kazi mara mbili, na ni kweli.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwangu ameshaota ndevu, na bado anaishi kwangu.

Kaye ya Masengo ninayo. Baada ya kustaafu niliitoa sandukuni, nikaamua kuuandika upya ukurasa ule, kama ningepaswa kuuandika Ijumaa ile. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Rangi iliyomwagika ilikuwa ya kijani au ya buluu? Alikuwa amevaa nini? Alisema neno gani kabla ya kuzimika? Alipozinduka alifanya nini? Sikumbuki. Nakumbuka sentensi yangu yote, na koma zake. Mtoto mwenyewe hayumo. Ukurasa umebaki kama ulivyo.

Jambo la mwisho, kisha mkaendelee na kazi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la mjini kutafuta unga. Mwanamke jirani na meza moja aliita, "Masengo, una mutu." Aliyegeuka alikuwa mwanamke mzima, kitambaa cha njano kichwani, na chini ya sikio la kushoto alama nyeusi kama punje ya dengu. Nilisimama. Nikaomba vikombe vitatu. Niliporudi nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu, nilichukua bik nikaandika kwenye kaye yake, ukurasa unaofuata ule mbaya. Nawanakilia kama ulivyo, mwalimu wa pili asome:

"Saa nne na robo. Alipima vikombe vitatu, kila kimoja akasawazisha kwa ukingo wa kiganja. Aliongeza kiganja kimoja juu bila kuombwa. Alifunga mfuko mafundo mawili. Kando yake, juu ya gunia, alikaa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Mtoto alinitazama usoni tangu nilipofika mpaka nilipoondoka, na hakuna aliyemkataza. Nilisema aksanti. Alijibu, 'Aksanti, Madame.' Sokoni wengine wote huniita mama. Hakuinua macho. Nilikaa mbele yake kwa muda wa punje thelathini. Nataka sana kuandika kwamba amenisamehe. Hilo sikuliona."